Kempsaiti wamekataa kijana wa miaka 14 alale kwenye hema lake peke yake, nyie watoto mnawalaza wapi?

MamaYusra (Leicester)

Habari za jioni wapendwa, naombeni mawazo maana hapa nyumbani tumebishana mpaka chai imepoa. Likizo ya shule ya mwisho wa mwezi wa tano tunaenda Wales ya kaskazini, kule kwenye milima ya Eryri. Jirani yetu mzee mmoja wa Kiingereza katuazima karavani yake, ile ya kuvuta na gari, ya watu watano. Mbele ina makochi mawili usiku yanaunganishwa yanakuwa kitanda kikubwa, nyuma kuna dabodeka, na pembeni kuna kameza ukikakunja kanakuwa kitanda cha mtu mmoja. Ukuta hakuna, kuna kizuizi cha kukunja kama akodioni unakivuta usiku kinatenganisha mbele na nyuma, na sauti zote zinapita. Katupa pia lile hema kubwa linaloungana na mlango wa karavani, ndani yake lina kichumba cha kulala.

Sasa sisi tuko hivi, mimi na mume wangu, kijana wetu mkubwa miaka 14, Yusra 10, na mdogo wao ana miezi mitano. Mama yangu mzazi yuko hapa kwa viza ya matembezi naye anataka kuona hiyo milima. Dada yangu wa Luton kasema nimchukulie na mwanawe wa miaka 15, hao vijana wawili ndo chanda na pete, wameshapanga walale wawili kwenye hema lao kule uwanja wa mahema, mbali na sisi, eti sisi tunakoroma.

Nikawaandikia saiti kuuliza, jibu lilivyokuja nikachoka. Hema dogo la watoto ruksa moja tu na likae kwenye ploti yetu hiyohiyo ubavuni mwa karavani. Watu kwenye ploti wasizidi 6 na mtoto mchanga anahesabiwa. Uwanja wa mahema uko ng'ambo ya kijito na huko hawamruhusu mtu wa chini ya miaka 18 kulala bila mtu mzima wa kundi lake. Alafu wanataka majina na umri wa kila anayelala na analala wapi, kwenye karavani, kwenye hema la pembeni au kwenye kihema.

Kwani ndo saiti zote ziko hivi au nimeangukia kwa wakorofi? Na la pili ambalo ndo zito, mume wangu kasema wazi yeye halali chumba kimoja na mkwe wake na kizuizi cha kukunja katikati, bora alale kwenye gari. Nyie mnapangaje?

Barabara_ya_12

Hahaha mwambie shemeji mimi niko upande wake mia kwa mia. Mkwe wa Kitanga humjui? Umegeuka kitandani karavani yote imetikisika, asubuhi unamwamkiaje shikamoo mama hali ya kuwa usiku kucha kasikia unavyokoroma. Hiyo haiwezekani kabisa, sio mambo ya ushamba, ni heshima.

Kuhusu huyo wa saba mi nadhani mnajisumbua bure, we andika watu 6, dogo wa Luton anafika na gari lenu anakaa, nani ataenda kuhesabu vichwa usiku? Na Yusra na kaka yake msiwalaze pamoja, dini imeshasema wakifika kumi watenganishwe malazi, hapo hata saiti isiposema sisi tunajua.

BabuKaravani (Northampton)

Mama Yusra marahaba kama umeniamkia, na kama hujaniamkia pia marahaba. Mimi na bibi yako tumevuta karavani nchi hii tangu watoto wetu wanasoma praimari, sasa ni wajukuu, kwa hiyo nitakujibu kirefu kidogo uvumilie.

Hao si wakorofi. Kwa ninavyosoma ni saiti inayojua kazi yake. Huku saiti ya karavani inafanya kazi kwa leseni ya halmashauri ya mtaa, sheria yenyewe ni ya mwaka 1960, na miongozo ya saiti za karavani za kuvuta inataka mita 6 kati ya familia moja na nyingine. Hema la pembeni linaweza kuingia kidogo kwenye hizo mita 6, lakini isishuke chini ya mita 3 zisizo na kitu chochote. Sasa wewe ukiweka kihema cha watoto popote unapoona majani mazuri, umeshaziba huo uwazi. Na uwazi wenyewe ni kwa ajili ya moto. Hema la naironi likishika moto halingoji uite jina la mtoto, chini ya dakika moja hamna kitu. Ndo maana watakwambia kihema kikae ubavu huu na sio ubavu ule, na gari liegeshwe upande wanaotaka wao. Usibishane na wadeni, yaani msimamizi wa saiti, kwenye hilo, ana kamba ya kupimia kwenye koti lake.

Hapo hapo nimjibu huyu kijana wa barabara ya 12. Ukiandika 6 wakalala 7, usiku ukatokea moto au mafuriko, na huko Wales vijito vinajaa kwa mvua ya usiku mmoja, wadeni anatoka na karatasi yake anahesabu watu kwenye sehemu ya kukusanyikia. Amepata 6, anaona kwenye ploti hiyo wote wametoka, anaenda kwa wengine. Wa saba ni mtoto wa watu wa Luton yuko ndani ya kihema anaota. Hilo jambo usimshauri mtu tena.

Na lile la wanalala wapi sio umbea. Wakiambiwa kuna moto ploti namba fulani wanataka wajue watoto wako ndani ya karavani au nje.

Sasa kwa swali lako la kwanza, hapana, saiti zote haziko sawa. Kuna saiti hazipokei mahema kabisa lakini zinaruhusu kihema kimoja cha watoto wa familia pembeni ya karavani, kwa ridhaa ya wadeni. Kuna nyingine hata kulala kwenye hema la pembeni hawataki. Kuna zile ndogo za mashambani, za Caravan and Motorhome Club zinachukua karavani au motohomu (gari lenye vitanda ndani) 5 tu na lazima uwe mwanachama, huko mwenye shamba ndiye sheria, umpigie simu. Na kuna paki kubwa za karavani za kudumu, zile zenye mabwawa ya kuogelea na disko la watoto, huko vihema mara nyingi hakuna kabisa, na ukikodi karavani mbili kwa sababu familia ni kubwa wanataka kila moja ilale mtu mzima. Nimeona familia za kwetu wanakodi mbili, wazee hii, vijana ile, wanafika mapokezi wanaambiwa hapana, inabidi mama mmoja ahamie kwa vijana. Vijana wanavyonuna sasa!

Ochi254 (Reading)

Aki nimecheka. Kwetu kijana wa miaka 14 ashaanza kufikiria simba yake, ile nyumba ndogo ya kijana, analala huko nje ya nyumba ya mamake na hakuna mtu anauliza, saa hii mzungu anakuambia huyo ni mtoto hawezi lala mita mia moja kutoka kwa babake. Mimi naona ni too much. Hao maboi wako na simu, wako na tochi, kuna geti, kuna kamera. Mngewaacha.

Lakini poa, kama ni kulala kwa hema ya pembeni mwezi wa tano, baridi ya Wales si mchezo, wekea maboi hita ndogo ya stima na extenshen kutoka kwa karavani na maisha iendelee.

BabuKaravani (Northampton)

Ochi, simba iko ndani ya boma la baba yake bwana, na boma lina ua. Baba akikohoa kijana anasikia. Ndicho hicho hicho saiti inakuambia, kihema kikae ndani ya boma lako. Ng'ambo ya kijito si boma lako, huko kuna kundi la watu wazima na bia zao, na saa nne na nusu usiku kelele zikizidi wadeni anamtafuta nani? Mtoto wa miaka 15 hawezi kusaini kuwa atawajibika.

Hita acha. Umeme wa ploti nyingi ni ampea 16, nyingine 10 tu. Hita ya wati 2000 peke yake inakula karibu ampea 9. Kwenye ploti ya 10 Mama Yusra akiwasha tu birika la uji wa mtoto imekata, na saa nane usiku utaenda kutafuta boksi la umeme kwenye mvua na pajama. Na hita inayopuliza karibu na kitambaa cha hema na mifuko ya kulalia ni kutafuta janga. Mtoto anapatwa na baridi kutoka chini, sio juu. Yale magodoro ya kujaza upepo yanapitisha baridi ya ardhi vibaya sana, weka mkeka wa povu chini, juu yake blanketi, juu yake mfuko wa kulalia ulioandikwa digrii zinazofaa usiku wa digrii 5 au 6, soksi kavu za kulalia tu ambazo hazijashinda mguuni, na kofia.

NesiZai

Naingilia kidogo kwa sababu nimeona neno baridi na hema kwenye sentensi moja na najua sisi tukisikia baridi tunawaza nini. Naombeni sana, jiko la mkaa lisiingie kwenye hema wala kwenye karavani wala kwenye hema la pembeni hata likiwa limezimika. Mimi kwetu ni Njombe, kila msimu wa baridi kule tunasikia familia imeingiza jiko ndani ili wapate joto wakalala moja kwa moja. Huku ni hivyo hivyo, watu wanachoma nyama jioni, mvua inaanza, wanavuta lile jiko ndani ya hema ili lisilowe, makaa yanaonekana majivu matupu, kumbe bado yanatoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, mtoto analegea, kichwa kinauma, anasema anataka kulala, na wewe unadhani kachoka na kupanda mlima. Ukisikia watu wawili watatu wanaumwa kichwa kwa pamoja ndani ya hema, wote nje kwanza, maswali baadaye, na simu ya dharura 999.

Nunueni alamu ya kaboni monoksaidi, moja ndani ya karavani na nyingine sehemu watoto wanakolala kwenye hema, hakikisha ni ya kufaa kwenye karavani na hema maana ya nyumbani sio zote. Lakini alamu isiwe ruhusa ya kuingiza jiko.

Halafu dada huyo wa miezi mitano yuko kwenye ile miezi sita ya kwanza ambayo NHS, huduma ya afya ya hapa, wanataka alale chumba kimoja na wewe, chali, kwenye kitanda chake mwenyewe, godoro gumu bapa, bila mito. Kwa hiyo yeye kwenye hesabu zako usimpeleke popote, ni mbele na wewe. Usimlaze kwenye yale makochi yaliyounganishwa katikati yenu, kuna mwanya pale katikati ya mito na mgongoni kwenye ukuta, uso ukizama hapo basi. Pima kwanza kama kitanda chake cha safari kinaingia kwenye korido, wengi wanafika ndo wanagundua kinaingia lakini mlango haufunguki. Na joto, digrii 16 mpaka 20 zinamtosha, karavani ikiwashwa hita ikafungwa madirisha inakuwa tanuri, yale matundu ya hewa ya sakafuni na juu msiyazibe na nguo, bi mkubwa akilalamika upepo mpe khanga ya pili.

Nimesahau, dabodeka, kitanda cha juu sio cha mtoto wa chini ya miaka 6, Yusra ni 10 hana shida, ila angalia kwenye kijitabu cha karavani kikomo cha kilo za kile cha juu, kijana wa miaka 14 mwenye mwili anaweza kuwa kavuka.

mtuwaTemeke

Yaani nyie watu mko Ulaya mnalipa hela kwenda kulala kwenye kibanda cha bati porini, choo cha jumla, mvua inanyesha, na bado mnapangiwa nani alale wapi 😂😂 sisi huku kwenye msiba tunalala arobaini sebule moja na hatujaandikisha majina.

Barabara_ya_12

😂😂 na asubuhi kila mtu anamdai mwenzake shuka.

Babu nimekusikia kuhusu wa saba, basi nimefuta kauli. Ila shemeji bado hajapata pa kulala, turudi kwenye hoja ya msingi.

RahmaNL (Rotterdam)

Salaam Mama Yusra. Sisi huku Uholanzi tunaenda sana na karavani, na kihema cha watoto pembeni ni jambo la kawaida kabisa, kwenye kubuku mtandaoni kuna kisanduku unatiki kwamba unakuja nacho, unalipa hela kidogo kwa usiku au hulipi. Watoto wa Kiholanzi wa miaka 8, 9 wanalala humo wenyewe na wazazi ndani ya karavani hatua tatu kutoka pale, hakuna anayeshtuka. Ila ukisema kihema ukakipeleke ploti nyingine watakuuliza swali hilo hilo la Wales, nani mtu mzima wa hapo.

Tukishuka Ufaransa ndo utaona karatasi. Kempingi nyingi kule ni watu 6 kwa ploti na wana msimamo, mtoto mchanga anaingia. Na Wafaransa wana kielelezo cha kanuni za ndani kilichotolewa na serikali mwaka 2014, kimeandikwa kwamba mtoto chini ya miaka 18 ambaye hayuko na wazazi wake hapokelewi bila idhini ya maandishi ya wazazi. Kwa hiyo mimi nikienda na watoto wa kaka yangu nabeba barua iliyosainiwa na wazazi wote wawili, nakala za pasi zao na namba za simu. Wengine mapokezi hawaangalii, wengine wanaisoma mpaka nukta. Hapo Wales hata wasipoomba, kama mtoto wa dada yako angekuja ungekuwa nayo tu, pamoja na dawa zake na majina ya vitu vinavyomdhuru, sio kwa ajili ya saiti tu, hata mkiishia hospitali.

Mimi lakini naona jibu lako liko kwenye karatasi yao wenyewe. Wamesema uwanja wa mahema mtu mzima wa kundi lazima awepo. Kwa nini dada yako wa Luton asije na mwanawe? Achukue ploti yake ndogo ya hema kule ng'ambo, jina lake liwe kwenye buking. Kijana wako umhamishe aandikwe kwa khalati wake. Vijana wanapata uwanja wao wa mahema, saiti inapata mtu mzima wake, na kwenye ploti yako mnabaki watano. Dada anabeba hema lake la vyumba viwili, vijana chumba kile yeye chumba hiki, au vijana waweke kahema kao mbele ya mlango wake.

MamaYusra (Leicester)

Rahma Mungu akupe maisha marefu, hilo mbona sikuliwaza! Dada nimeshampigia, kwanza akakataa, kulala chini mgongo, sijui konokono, nikamwambia basi mwanao abaki Luton, akageuka palepale akaanza kuuliza bei za vitanda vya kukunja. Kwa hiyo anakuja.

Sasa hesabu imekuwa hivi mnisahihishe. Mimi na mtoto mbele. Mama dabodeka chini, Yusra juu yake, wale wawili wanapendana watapiga hadithi mpaka usiku wa manane. Kizuizi kinavutwa. Mume wangu kichumba cha ndani ya hema la pembeni peke yake, anasema amefurahi kuliko wote, anataka na redio. Vijana na khalati wao kule ng'ambo. Gari letu ni la viti saba na dada anakuja na lake.

Nimewaandikia tena saiti leo asubuhi nikawapa umri wote na nani analala wapi kama walivyotaka. Wamejibu ndani ya saa moja na ni wapole ajabu, wamesema mtu mzima kwenye hema la pembeni hamna neno, wakaomba tu namba ya gari la dada. Wakasema pia watatupa ploti ya karibu na daraja la kijito ili vijana wasivuke mbali kuja kula.

Babu nimekuamkia sasa, shikamoo. Nina swali, mume wangu leseni kaipata hapa mwaka 2009, nasikia wenye leseni za karibuni hawaruhusiwi kuvuta karavani?

BabuKaravani (Northampton)

Marahaba mwanangu. Hiyo ilikuwa zamani, waliofaulu kuanzia Januari 1997 walikuwa wanatakiwa mtihani wa ziada. Tangu tarehe 16 Desemba 2021 wameondoa, leseni ya kawaida ya gari inatosha kuvuta mpaka kilo 3500. Ila gari lenu lenyewe linaruhusiwa kuvuta kilo ngapi ni swali jingine, angalia kwenye kibati cha gari na kitabu chake, na gari la viti saba likijaa abiria na mizigo linakuwa na nafasi ndogo kuliko mnavyodhani. Bima pia mpigie, umwambie mnavuta na karavani sio yenu.

Mwendo ni maili 60 kwenye motowei, zile barabara kuu za kasi, na 50 kwenye barabara za kawaida, na kwenye motowei ya njia tatu ile ya kulia kabisa si yenu. Na kwa kuwa tunazungumzia wanalala wapi, Yusra asije akaomba alale kwenye dabodeka wakati mnasafiri. Karavani ikivutwa haikai mtu, hata dakika tano, hata kutoka mapokezi mpaka kwenye ploti. Watoto wanapenda hilo kweli na wapo wazee wanawakubalia wakishaingia ndani ya geti.

Mpango wako wa vitanda hauna kasoro. Jambo moja tu, mkifika, kabla ya kutandika kitu, mhakikishe imekaa sawa kwanza, ndipo mshushe zile nguzo nne za kona. Isipokaa sawa mama akilala chini ya dabodeka damu inamshukia kichwani usiku kucha na lawama mtapewa nyie.

NesiZai

Na tochi ya kichwani kwa bi mkubwa, na ile ngazi ya mlangoni ni telezi ikinyesha, mwekee kandambili zenye meno.

Ochi254 (Reading)

Sawa Babu umenimaliza na hiyo ya boma 😄 nakubali. Lakini kitu hamjaongea, cucu, yaani nyanya yao, akitaka choo usiku? Vyoo vya saiti viko mbali na kuna baridi.

MamaYusra (Leicester)

Ochi kuna choo ndani ya karavani, kidogo lakini kipo, kile cha kaseti. Jirani kanionyesha, kuna kimlango nje unachomoa lile boksi la chini lina magurudumu, unalikokota mpaka sehemu yao maalum ya kumwagia, unasuuza, unatia ile dawa ya buluu unarudisha. Mama tutamwambia usiku atumie hicho.

Barabara_ya_12

Subiri kwanza. Hilo boksi asubuhi analikokota nani?

MamaYusra (Leicester)

Si mume wangu, mimi niko na mtoto.

Barabara_ya_12

Mama Yusra!! Mtu amekimbia kulala naye karavani moja kwa ajili ya heshima halafu unampa choo cha mkwe akamwage mbele za watu?

RahmaNL (Rotterdam)

😂😂😂 hapo namuunga mkono. Hiyo ni ya kijana wa 14. Mjukuu na bibi yake wana utani wao, atamdai paundi mbili kila asubuhi na bibi atalipa huku anamtukana.

MamaYusra (Leicester)

Nimemwambia sasa hivi. Kasema paundi tano, maana daraja ni yeye atakayevuka kuja kulichukua.